UZI MAALUMU: Kutoka utafiti wa kijamii chuoni hadi kazi ya uendelevu kwenye kampuni za nje

#1 Dodoso (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali ya jambo hili yametapakaa kila kona, nayakusanya hapa. Walengwa ni watu wa sosholojia, anthropolojia, masomo ya maendeleo na jamaa zao: mnaojua kuhoji, kuteua sampuli na kuandika, na sasa mnataka kuvuka kwenda kampuni, tena nje ya nchi zenu. Habari za motisha tuziache nje ya uzi.

Hoja yangu kuu ni hii: usitafute cheo, tafuta sheria. Ukiandika neno uendelevu kwenye tovuti ya ajira utaletewa rundo la matangazo, na sehemu kubwa ni ya wahandisi wa nishati na wahasibu wa kaboni. Kampuni huajiri mtu wa masuala ya jamii pale ambapo kuna tarehe iliyowekwa, kuna waraka ambao lazima mkurugenzi autie saini, na mwanasheria wake hapati usingizi. Jua sheria gani inaibana kampuni gani, ndipo utajua kazi iko idara ipi na inaitwaje.

Ramani kwa haraka. Umoja wa Ulaya una CSRD, agizo namba 2022/2464, linalotaka kampuni kubwa ziripoti uendelevu wao kwa viwango vya Ulaya vya ESRS. Viwango viko 12, vinne ni vya jamii: S1 wafanyakazi wa kampuni yenyewe, S2 wafanyakazi wa mnyororo wa thamani, S3 jamii zinazoathirika, S4 walaji na watumiaji. Hapo ndipo penu. Pembeni kuna CSDDD, namba 2024/1760, inayodai uangalifu stahiki: kampuni iyatafute madhara inayowasababishia watu na mazingira, iyazuie, na yaliyokwisha kutokea iyarekebishe. Ufaransa ilitangulia na sheria yake ya 2017, Norway ikafuata Julai 2022, Ujerumani Januari 2023. Uingereza ina kifungu cha 54 cha sheria ya utumwa mamboleo ya 2015, kwa kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 kwenda juu. Australia ina ya 2018. Kanada imeanza Januari 2024, ripoti hutakiwa kufikia Mei 31 kila mwaka. Marekani yenyewe imepitia forodha: tangu Juni 2022 bidhaa yenye malighafi ya Xinjiang, China, huhesabiwa kuwa zao la kazi ya shuruti hadi mwagizaji athibitishe vinginevyo.

Sasa angalia tofauti zake. Sheria ya Uingereza inaridhika na tamko, na kampuni inaweza hata kutamka kwamba haijachukua hatua yoyote ikawa imetii. Tamko la namna hiyo mwanasheria wa ndani hulimaliza mwenyewe, hahitaji mtu mpya. Ya Ujerumani inataka uchambuzi wa hatari kila mwaka, utaratibu wa malalamiko, na hatua za kurekebisha. Hata baada ya serikali kuanza kuilegeza upande wa kuripoti, hizo ni shughuli za mwaka mzima, na mtu wa kuzifanya lazima apatikane. Zile za forodha za Marekani huzaa kazi za kufuatilia malighafi hadi shambani au mgodini, ambazo hukaa idara ya ununuzi wala haziitwi uendelevu.

Tahadhari kwa mnaosoma makala za 2023 zinazosema Ulaya itahitaji jeshi la waandishi wa ripoti: hesabu imebadilika. Februari 2025 Kamisheni ilipendekeza kupunguza, Aprili 2025 zamu za baadaye za kampuni kuanza kuripoti zikasogezwa miaka miwili, na makubaliano ya Desemba 2025 yakaibakiza CSRD kwa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 na mauzo ya zaidi ya yuro milioni 450. CSDDD ikapandishwa hadi wafanyakazi 5,000 na yuro bilioni 1.5. Matokeo yake kampuni za kati zimefunga nafasi, na kampuni za ushauri zilizojaza watu kwa ajili yao zimebaki na watu wengi kuliko kazi. Anayeingia leo kwa mlango wa kuandika ripoti anashindana na waliopunguzwa, ambao tayari wana uzoefu. Mlango wa mnyororo wa ugavi, malalamiko na ujira ndio wenye hewa, na kwa bahati nzuri ndio unaohitaji mtu anayejua kuzungumza na watu.

#2 Mpigahodi

Mkuu Dodoso, shukrani. Tuchukue mtu mwenye shahada ya uzamivu ya sosholojia, anajua mahojiano, vikundi vya majadiliano, NVivo (programu ya kuchambua mahojiano), na SPSS ya takwimu kidogo. Kipi kati ya hivyo kinauzika, na kipi akiache mlangoni?

#3 BiTakwimu

Mpigahodi, karibu kila kitu kinauzika ukikipa jina linalotumika kwenye kampuni na ukakubali kukifanya kwa robo ya muda. Uchambuzi wa mada unageuka kuwa upangaji wa athari, hatari na fursa. Vikundi vya majadiliano vinageuka kuwa mashauriano na wenye haki walioathirika. Kinachobaki mlangoni ni sura ya nadharia na tabia ya kumaliza kila kitu kwa "utafiti zaidi unahitajika". Kampuni inataka uamuzi Ijumaa, ukiambatana na kiwango cha uhakika ulichonacho.

Kuna mambo mawili ambayo watu wetu huanguka nayo kwenye mtihani wa usaili, niyaeleze kwa namba.

La kwanza ni ukali wa athari. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za 2011, na ESRS iliyozifuata, hupima ukali kwa vitu vitatu: uzito wa dhara, upana wake (watu wangapi), na ugumu wa kulirekebisha. Kisha kuna uwezekano wa kutokea. Sasa mtu anatengeneza laha ya Excel, anatoa alama 1 hadi 5, anatafuta wastani wa ukali halafu anauzidisha kwa uwezekano. Mfano: wafanyakazi wa wakala walionyang'anywa pasipoti wanapata uzito 5, upana 2, ugumu wa kurekebisha 4, uwezekano 2. Wastani wa ukali ni 3.67, mara 2 unapata 7.3. Malipo ya saa za ziada yanayochelewa yanapata 2, 4, 1, uwezekano 5. Wastani 2.33, mara 5 ni 11.7. Kwa hiyo jedwali limesema kuchelewesha malipo ni kubaya kuliko kazi ya shuruti! Msaili anasubiri uone hilo. Kwa haki za binadamu ukali hutangulia uwezekano, kwa hiyo panga kwanza kwa ukali peke yake, tena alama moja ya juu itoshe kulipandisha jambo, halafu uwezekano utumike kupangia foleni ya utekelezaji. Ukiandika sentensi mbili kueleza kwa nini umekataa kuzidisha, umewapita wengi.

La pili ni viwango vya ajali. Kampuni ina ajali 14 na saa za kazi 2,800,000 kwa mwaka. ESRS hugawa kwa saa na kuzidisha kwa milioni moja: 14 ÷ 2,800,000 × 1,000,000 = 5.0. Wamarekani huzidisha kwa 200,000, yaani watu 100 wa muda wote kwa mwaka: wanapata 1.0. Kiwanda kile kile, mwaka ule ule. Ukiona kampuni mbili zinalinganishwa, swali la kwanza ni kizidisho, la pili ni kama saa za vibarua na wakandarasi zimo. Mara nyingi ajali za wakandarasi hazimo ila saa zao zimejipenyeza kwenye kigawanyo, kiwango kikashuka bila mtu yeyote kuwa salama zaidi.

Pengo la ujira wa jinsia nalo lina mtego wake. Wanaume wastani 20 kwa saa, wanawake 17: tofauti 3 hugawanywa kwa ujira wa wanaume, jibu 15%. Mtu akigawa kwa wa wanawake anapata 17.6% na mkaguzi wa hesabu anairudisha ripoti nzima.

Kuhusu programu: NVivo haina soko huko. Excel jifunze vizuri, hasa pivoti, XLOOKUP na Power Query, kwa sababu data ya rasilimali watu huja kwenye mafaili kumi yenye vichwa tofauti. SPSS badilisha kwa R au Power BI ukiweza, usipoweza usijali sana.

#4 MkaguziHuru

Naongezea upande wa viwandani, maana ndio mlango ambao wengi hawaufikirii. Ukaguzi wa kijamii, wa aina ya SMETA, amfori BSCI au SA8000, ni kazi ya ratiba ngumu: kikao cha kufungua, kutembea kiwanda, kupekua mahudhurio na malipo, kuhoji wafanyakazi, kikao cha kufunga, ripoti. Mahojiano ya mtu mmoja yanaweza kuwa dakika kumi na tano tu. Ukizoea mahojiano ya saa mbili utaona ni dhihaka, lakini humo ndimo mtafiti anapomshinda mkaguzi aliyetokea uhandisi.

ILO, Shirika la Kazi Duniani, ina viashiria 11 vya kazi ya shuruti: kutumia unyonge wa mtu, udanganyifu, kuzuiwa kutembea, kutengwa, ukatili, vitisho, kushikiliwa hati, kuzuiwa mshahara, utumwa wa deni, mazingira mabaya ya kazi na makazi, na saa za ziada kupita kiasi. Mkaguzi mvivu huuliza "Ulilipa ada ya kupata kazi?" na hujibiwa "Hapana", kwa sababu wakala alishawafundisha jibu hilo. Uliza kwa mpangilio wa safari yake: nani alikuambia kuna kazi huku, nani alikuandikia karatasi, nauli ilitoka mfuko gani, nyumbani waliuza au waliweka rehani nini, deni limebaki kiasi gani, pasipoti yako iko wapi saa hii, unaweza kwenda kuichukua usiku bila kuomba? Hilo la mwisho linatosha kwa viashiria viwili. Usiandike jina. Usimwite mtu mmoja kutoka mstari mmoja wa uzalishaji, ita sita uhoji unaowahitaji, la sivyo msimamizi atajua nani kasema.

Anayetaka njia hii ajue APSCA: chama kinachosajili wakaguzi wa kijamii, na mipango mikubwa inataka mkaguzi awe mwanachama wake. Unaanza daraja la chini ukifuatana na mkaguzi kamili, unafanya mitihani. Ni kazi ya kusafiri sana na mshahara wake hausisimui, ila miaka miwili yake huheshimiwa na kampuni za nguo, chakula na vifaa vya umeme kuliko cheti chochote.

Tusidanganyane kuhusu mipaka yake pia. Kiwanda cha Ali Enterprises kule Karachi kilipata cheti cha SA8000 mwaka 2012, na wiki chache baadaye, Septemba 11, kikaungua na kuua zaidi ya watu 250. Ndiyo maana kampuni makini sasa zinatafuta watu wa kuchunguza bila kutegemea ukaguzi wa kutangazwa: dodoso za simu, vikao nje ya kiwanda, mazungumzo na vyama vya wafanyakazi. Huko tena ni kwenu.

#5 Mpigahodi

Dada BiTakwimu na MkaguziHuru, hapo mmefungua macho. Sasa viza. Nchi gani inamfaa mtu wa sayansi ya jamii?

#6 Hati_na_Muhuri

Mpigahodi, usiulize nchi nzuri, uliza mshahara wa ngazi ya kuingilia unafika kizingiti cha viza ya wapi. Kazi za jamii hulipa chini ya za kaboni na fedha, kwa hiyo kizingiti ndicho kinachochuja. Namba hizi hubadilika karibu kila mwaka, zihakiki siku unayoomba.

Uingereza. Viza ya mfanyakazi stadi tangu Julai 2025 inataka pauni 41,700 kwa mwaka au kiwango cha kazi yenyewe, kilicho kikubwa. Nafasi nyingi za mchambuzi wa uendelevu ziko chini ya hapo. Mwenye uzamivu unaohusiana na kazi anashushiwa hadi 37,500, na asilimia 90 ya kiwango cha kazi hiyo. Kwa upande wa uzamivu, punguzo la 33,400 ni la sayansi na uhandisi, msijichanganye. Mwajiri ndiye anayeeleza uhusiano wa uzamivu na kazi, na wengi hawajui kama njia hii ipo: mwambie mapema, kwa barua ya aya moja. Uzamivu wa nje ya Uingereza utahakikiwa na Ecctis, taasisi ya kulinganisha shahada. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, hulipwa yote mara moja, yaani 3,105 kwa miaka mitatu. Uliza kabla ya kusaini nani analipa. Orodha ya waajiri wenye leseni ya udhamini iko wazi mtandaoni, pitia humo kabla ya kupoteza jioni yako kwenye fomu ya kampuni isiyo na leseni. Aliyesoma kwenye chuo kilichomo kwenye orodha ya viza ya watu wenye uwezo mkubwa, ndani ya miaka mitano, ana njia isiyohitaji mwajiri kabisa: miaka miwili, au mitatu kwa uzamivu.

Ujerumani. Kizingiti cha Kadi ya Buluu, kibali cha kazi cha wasomi, kwa 2026 ni mshahara wa yuro 50,700 kwa mwaka, na 45,934.20 kwa aliyehitimu ndani ya miaka mitatu iliyopita, fani yoyote. Kikwazo kikubwa ni kutambuliwa kwa shahada. Fungua anabin, kanzidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje, tafuta chuo chako: kikiwa H+ (kinatambuliwa) na shahada yako imeandikwa kuwa inalingana, chapisha kurasa zote mbili uambatishe. Isipokuwepo, omba tathmini ya ZAB, ofisi ya Ujerumani ya kutathmini shahada za nje, yuro 208, na uanze nayo kabla hujatuma ombi la kazi hata moja, maana ofa haikungoji. Kadi ya Fursa inakuruhusu kwenda kutafuta kazi hadi mwaka mmoja kwa pointi 6, ila lazima uonyeshe yuro 1,091 kwa mwezi, jumla 13,092 kwa mwaka, au kibarua cha kufidia. Unaruhusiwa kazi ya saa 20 kwa wiki. Kijerumani cha B1 kinakupa pointi, lakini kwa kazi ya malalamiko na mabaraza ya wafanyakazi soko linataka zaidi ya hapo. Timu za kimataifa za ripoti hufanya kazi kwa Kiingereza, ndizo za kulenga kwanza.

Uholanzi. Hapa ndipo naona mwanya unaosahaulika. Mhamiaji stadi wa umri wa miaka 30 na kuendelea alitakiwa yuro 5,688 kwa mwezi mwaka 2025, chini ya 30 yuro 4,171. Lakini mwenye sifa za mwaka wa kutafuta kazi, yaani aliyehitimu ndani ya miaka mitatu Uholanzi au kwenye chuo cha nje kilichomo kati ya 200 bora, kizingiti chake kilikuwa 2,989. Namba hizi hupanda kila Januari, tofauti inabaki. Kwa kazi ya ngazi ya chini hiyo ndiyo inayoamua. Mwajiri awe mdhamini aliyetambuliwa na IND, idara ya uhamiaji ya Uholanzi, orodha nayo iko wazi.

Marekani. Mtego wa wasomi ni huu: H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, ikiwa ya chuo kikuu haiko kwenye mgao wa viza 85,000 kwa mwaka. Ukihamia kampuni unaingia kwenye bahati nasibu kama mgeni. Aliyekuja kwa J-1, viza ya mabadilishano, aangalie kama hati yake ina sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya H-1B. Na tangu Septemba 2025 maombi mapya ya walio nje ya nchi yamewekewa malipo ya dola 100,000. Kampuni ya nguo haitalipa hiyo kwa mchambuzi wa haki za wafanyakazi. Kwa ngazi ya kuingilia mimi naiondoa kwenye orodha.

#7 KaboniKwanza

Wakuu, samahani kuharibu raha, lakini mnawapotosha watu. Timu nyingi za uendelevu zina watu watatu au wanne. Mtu wa jamii peke yake asiyejua kaboni ni anasa. Kama hujui kutofautisha mafungu matatu ya uzalishaji wa gesi, usaili wa kwanza utakutoa.

#8 Dodoso

KaboniKwanza, uko sahihi nusu. Ajue msingi: fungu la 1 ni gesi zinazotoka moja kwa moja kwenye vyanzo vya kampuni yenyewe, la 2 umeme na joto linalonunuliwa, la 3 vyote vya juu na chini ya mnyororo, makundi 15 ya GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi hizo. Ajue pia kwamba fungu la 2 huripotiwa kwa njia mbili, ya eneo (wastani wa gridi ya mahali) na ya soko (mikataba ya umeme ya kampuni), na asichanganye. Hiyo ni wikendi mbili za kusoma. Zaidi ya hapo anapoteza muda kushindana na waliozaliwa nayo. Na kundi la 1 la fungu la 3, bidhaa na huduma zinazonunuliwa, hutumia orodha ile ile ya wagavi inayotumika kwa haki za wafanyakazi. Anayeweza kuisafisha orodha hiyo mara moja kwa matumizi yote mawili huyo hawamwachi.

Vyeti: kimoja kinatosha. Cha GRI (viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu) ukielekea kuripoti, FSA (uhasibu wa uendelevu) cha IFRS ukielekea kwa wawekezaji. Kozi za wiki sita za vyuo vyenye majina makubwa huuza nembo, na msaili anajua hilo.

Sasa sivii. Kurasa mbili. Machapisho yote yawe mstari mmoja: "makala 9 zilizopitiwa na wataalamu, 3 kuhusu wafanyakazi wahamiaji". Kichwa cha tasnifu kiondoe, weka ulichokifanya kwa kipimo: mahojiano mangapi, lugha ngapi, bajeti gani, timu ya watu wangapi, matokeo yalitumiwa na nani. Mfano wa kabla: "Nilichunguza uzoefu wa kazi zisizo rasmi kwa mkabala wa kiethnografia." Baada: "Nilisimamia wahojaji 6, wafanyakazi 240 wa mashambani, lugha tatu, nilibaini ada haramu za ajira na kupendekeza utaratibu wa kuzirejesha." Mtu wa ununuzi anaelewa wa pili bila kuvuta kamusi. Iwe kweli tu, maana utaulizwa ada zilikuwa kiasi gani na nani alizilipa.

Halafu sampuli ya kazi, ambayo naiona na uzito kuliko sivii. Chagua kampuni moja ya sekta unayoitaka, ripoti yake ya mwaka iko wazi. Andika kurasa nne. Ukurasa wa kwanza: athari tano kali zaidi kwa watu, kila moja na ukali wake na ushahidi ulikotoka. Wa pili: kampuni imesema nini kuhusu kila moja, ukitaja ukurasa wa ripoti, na wapi imenyamaza. Wa tatu: utaratibu wake wa malalamiko ukipimwa kwa vigezo vinane vya Kanuni ya 31 ya zile Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa: uhalali, kufikika, kutabirika, usawa, uwazi, kuendana na haki, kujifunza, na mazungumzo. Wa nne: hatua tatu za miezi sita, nani anafanya, gharama kwa makadirio, kipimo cha mafanikio. Hapo wengi huteleza kwa kuandika "itoe mafunzo kwa wagavi". Mafunzo hayazuii kitu kama mnunuzi wa kampuni hiyo hiyo anabadilisha oda siku kumi kabla ya kusafirisha na bei haipandi. Gusa desturi za ununuzi: muda wa oda, masharti ya malipo, nani analipa ada za ajira. Ukigusa hapo, msaili anaacha kukuona kama mwanafunzi.

Sampuli hiyo usimtumie mwajiri anayechambuliwa ikiwa na sauti ya kumshitaki. Tuma kwa mshindani wake, au lainisha maneno uache namba zilivyo.

#9 Msimbaji

Naomba kuuliza la maadili. Chuoni kuna kamati ya maadili, ridhaa, usiri. Kampuni hazina hayo. Data ya chuo naweza kwenda nayo?

#10 BiTakwimu

Msimbaji, data ya chuo usiende nayo hata ukurasa. Ridhaa uliyopewa ilikuwa ya utafiti ule; kuipeleka kwa kampuni inayonunua kutoka kwa waajiri wa hao hao uliowahoji ni hatari kwao, na kwa Ulaya GDPR, sheria ya ulinzi wa data binafsi, nayo itakushukia. Unabeba ujuzi wako na kilichokwisha chapishwa.

Ndani ya kampuni kuna mabadiliko matatu ya kuzoea. Moja, matokeo ni mali ya kampuni, huchapishi bila ruhusa, na mara nyingine mwanasheria ataomba uchunguzi upite kwake ili ulindwe na usiri wa wakili. Soma kipengele cha miliki kwenye mkataba kabla ya kusaini, hasa kama unataka kuendelea kuandika makala. Mbili, chuoni ukikuta mtoto anafanya kazi unaandika. Kwenye kampuni umeshajua, na kujua kunazaa wajibu. Kabla ya kwenda uwanjani dai utaratibu ulioandikwa: nani anaarifiwa ndani ya saa 24, mtoto anabaki na kipato gani wakati anarudishwa shule, nani analipa. Bila huo, kiwanda kitamfukuza mtoto siku hiyo hiyo na utakuwa umemsukuma kwenye kazi mbaya zaidi. Tatu, usiri wa dodoso. Usitoe matokeo ya kundi lenye watu chini ya 10. Meneja ataomba "zamu ya usiku, wanawake, idara ya kupaka rangi", na hao ni wanne. Kataa kwa kuonyesha kanuni uliyoiandika kabla dodoso halijaanza. Ukiitunga baada ya kuombwa itaonekana unaficha kitu.

#11 Mpigahodi

Swali la mwisho: mtu akipata kazi, kisha timu ikapunguzwa kama alivyosema Dodoso, viza inakuwaje?

#12 Hati_na_Muhuri

Uingereza mwajiri huiarifu serikali, na kwa kawaida viza hufupishwa hadi siku 60, zikihesabiwa tangu barua ya serikali, ambayo inaweza kuchelewa. Marekani ni hadi siku 60 tangu siku ya mwisho ya ajira, au mwisho wa kibali kama uko karibu zaidi. Uholanzi ni miezi mitatu kwa mhamiaji stadi, na mwajiri mpya lazima naye awe mdhamini aliyetambuliwa. Ujerumani muda wa majaribio unaweza kufika miezi sita, na ndani yake notisi ni wiki mbili tu, kwa hiyo usihamishe familia wala kusaini pango la mwaka kabla haujaisha.

Kwenye majadiliano ya ofa, omba vitu viwili kwa maandishi: notisi ya miezi mitatu pande zote baada ya majaribio, na mwajiri asidai kurudishiwa gharama za viza kama yeye ndiye anayekatisha ajira. La pili mara nyingi hukubaliwa bila ubishi, kwa sababu kipengele hicho kiliandikwa kwa ajili ya wanaoondoka wenyewe na hakuna aliyekisoma tena.